Nyangumi Aliyeandikwa Mtoto

Nyangumi wetu hakuwa mtoto. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Bushra aliyelala kitanda cha juu yangu bwenini miaka minne. Ninalisema kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitazimaliza na kwenda kukaa.

Sasa niwasalimu. Bwana Mkuu wa Tarafa, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nzai ambaye tunamuaga leo baada ya kufundisha miaka ishirini na sita, walimu wote, wazazi mliotoka Kinakomba, Chara na hata Madogo, nanyi wanafunzi wenzangu: asalaam aleikum, na hamjambo. Mimi ni Qabale Roba. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Nimeombwa niseme machache juu ya nyangumi kabla ya kufunua kibao kile kilichofunikwa leso, mlangoni mwa chumba cha bayolojia.

Julai mwaka jana tulisikia kwamba nyangumi wa buluu ametupwa ufuoni, mbele ya Kipini. Mwalimu Nzai alikwenda kuomba lori la kubeba mchele, akatupakia darasa zima. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani ni yale ya El Ninyo yaliyofunika barabara ya Garsen.

Mwalimu alitufundisha palepale, leso puani. Nyangumi wa buluu ni mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, na chakula chake ni uduvi. Hana meno. Kinywani ana safu za nyuzi ngumu, za kitu kilekile cha pembe na kwato. Hugugumia maji, huyachuja, humeza kilichobaki. Si samaki. Huja juu kuvuta pumzi, huzaa, hunyonyesha. Huita kwa sauti nzito ambayo mwenzake huisikia akiwa umbali wa mamia ya kilomita.

Kisha tukampima. Mwalimu alishika mwanzo wa utepe kichwani, nami nikatumwa mkiani upande wa pili, ambako hakunifikia kwa macho. Bahari ilikuwa inajaa, na mkia ulikuwa umeshaingia majini. Bushra, mwenyeji wa Kipini, alikuwa akinicheka kutoka nyuma.

“Ewe Qabale, mkia u mbele huko! Au wachelea teke, wadhani ng'ombe huyu?”

Sikuogopa teke. Mbele yangu, chini ya tumbo, mchangani palikuwa na maziwa. Mazito, meupe, yametoka kwake. Wazazi wangu mlio hapa mnajua tulivyolelewa: maziwa yaliyomwagika hayakanyagwi wala hayarukwi. Upande mmoja ni mwili wake, upande wa pili ni mawimbi. Nikasimama. Mwalimu akaita, “Umefika?” Nikajibu, “Nimefika.”

Utepe ulisoma mita kumi na tano na nusu.

Nilijiambia nitamweleza garini. Garini wenzangu walikuwa wanaimba. Nikasema basi, nitamweleza darasani. Darasani, nani angesimama kueleza kwamba kipimo kilikatizwa na maziwa? Baadaye Mwalimu aliandikia wataalamu, nao wakajibu kwa haki kabisa kwamba wa urefu huo ni mtoto ambaye bado ananyonya. Ndivyo kibao kilivyoandikwa. Naona Mwalimu amevua miwani. Samahani, Mwalimu. Wewe uliuamini utepe, na utepe uliniamini mimi.

Msichukue neno langu tu. Ndani ya chumba mna pingili ya uti wa mgongo tuliyoirudia mifupa ilipokauka. Yeyote aliyechemsha mifupa ya ndama na ya ng'ombe mzima anajua tofauti: wa ndama, vifuniko vya ncha hubanduka, wa mzima, vimeshikana na mfupa. Itazameni pingili ile. Vifuniko vimeshikana, hata alama ya kiungo haionekani. Na nilipokuwa nimesimama, mwili uliendelea mbele yangu kama hatua sita ndefu, ndipo mapezi ya mkia.

Je, kuna haja ya kusumbua wageni kwa ajili ya hatua sita? Ninafikiri ipo. Nyangumi hawa waliwindwa na meli kubwa mpaka wakabaki elfu chache duniani. Kuwaua kulipigwa marufuku mwaka 1966, na bado wengine waliendelea kwa siri. Jike huzaa mtoto mmoja kila miaka miwili au mitatu. Mfugaji hahitaji kuelezwa zaidi: ukame ukiua dume, kundi hupona, ukimaliza ng'ombe wa maziwa, kundi limekwisha. Mgongoni alikuwa na jeraha pana, na wavuvi wa Kipini walisema ni meli. Basi aliyepotea siku ile hakuwa mmoja.

Kwa hivyo, Bwana Mkuu wa Tarafa, naomba leso isiondolewe leo. Kibao kipakwe rangi upya, kiandikwe: Jike mzima, alikuwa ananyonyesha. Chini yake jina la Mwalimu Nzai libaki kama lilivyo, kwa sababu ni yeye aliyetufundisha kwamba kipimo kibaya husahihishwa.

Nawashukuru kwa kunivumilia, na kwa masikio yenu. Ombi langu la mwisho ni dogo. Habari za kibao zitangazeni mtakapo. Lakini nyanya yangu hakuweza kuja leo, na wengi wenu hukutana naye kisimani. Haya ya maziwa msimwambie. Ndama wa nyangumi hunyonya zaidi ya lita mia mbili kwa siku, kwa miezi sita au saba. Nyanya akisikia, hataniuliza habari za mita. Ataniuliza, “Na ndama wake je?”