Sheria Imekufa, Maziko Mwakani

Benchi la mbele ya kinyozi lilijaa kama kawaida, ila midomo ilikuwa mizito. Jana yake, redio iliposema Mahakama Kuu imetamka ile sheria ya kunyima watu dhamana ni batili, kinyozi aliizima papo hapo ili wapate kushangilia vizuri. Fundi cherehani, ambaye mdogo wake anasota mahabusu kwa sheria hiyo hiyo na kesi haijaanza, alikimbia kumwambia shemeji yake kuwa mume anarudi. Kisha akakaa kumshonea suruali ya kurudia nyumbani. Nusu ya pili ya habari wameipata leo: sheria ni batili, lakini itaendelea kutumika mwaka mzima ili Bunge lipate kuirekebisha.

– Sasa ni batili au si batili? kinyozi akauliza.

– Ni batili, ila inafanya kazi, akajibu Mheshimiwa, tarishi mstaafu wa mahakama.

– Kama mashine yako ya kunyolea, muuza kahawa akamtania kinyozi.

Fundi hakucheka. Suruali ilikuwa magotini pake.

– Elewa, Fundi, Mheshimiwa akasema. Sheria imekufa jana, maziko mwakani. Hapa katikati ni matanga tu.

– Na maiti inakamata watu?

– Inakamata. Tuvumilie, mwenda pole hajikwai.

– Haendi popote, Mheshimiwa. Kafungiwa.

Kinyozi akakung'uta taulo.

– Mimi naona hivi. Kama sheria imekufa, wale walioko ndani wako kwa hiari yao. Ni wageni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali iwaombe tu waondoke.

– Mgeni gani anapigiwa kufuli kwa nje?

– Mgeni anayependwa.

– Tatizo ni jaji, muuza kahawa akasema akimimina. Angeiua sheria siku ile ile, na kiti chake kingekufa, maana kimewekwa kwa sheria hiyo hiyo. Angesoma hukumu amesimama.

– Hilo umelisikia wapi?

– Hapa hapa, nikilisema.

– Vyovyote vile tumeshinda, Mheshimiwa akasema. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Fundi alitamani kumtolea maneno, akamstahi kwa umri wake. Moyoni alikuwa anaungua. Kushinda gani huku, mtu bado analala kwenye sakafu? Na mdomo uliopeleka ile habari nyumbani ulikuwa wake mwenyewe.

Hapo ndipo shemeji yake alipotokea, katoka sokoni, kikapu kimejaa. Wote wakasogea kumpisha.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama.

Akaitazama suruali.

– Ndiyo yake hiyo? Kiuno kikubwa, shemeji. Umekata kwa kipimo cha zamani. Amekwisha yule.

– Nitaipunguza.

– Mashuka nimefua tangu jana. Watoto hawajaenda shule, wamekaa mlangoni. Akahamisha kikapu mkono wa pili. Sasa niambieni, maana huku ndiko mnakojua sheria. Leo nimpikie ale nyumbani, au nimpelekee kule kule?

Kinyozi akaangalia redio. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe kilichokwisha kujaa.

Fundi akatoa kiwembe mfukoni, akaanza kufumua kiuno cha suruali.