Kabla ya Kitufe Kubonyezwa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, uliye mgeni wetu wa heshima leo, Afisa wa Elimu kutoka kaunti, Chifu wetu, Mchungaji, Madam Wacera, mkutubi wetu, wageni kutoka kampuni iliyotuletea mitambo hii mipya, wazazi wangu, wasomaji wenzangu wa Wamagana: hamjambo?

Naitwa Shiku, binti ya marehemu Simeon. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo ninamsaidia Madam Wacera hapa maktabani. Wanaonijua wanajua kwamba sipendi kusimama mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiniuliza jibu, nilikuwa namnong'onezea jirani yangu alitamke yeye. Leo jirani hayupo, kwa hiyo mtanivumilia.

Ratiba mliyo nayo mikononi inasema kwamba mfanyakazi wa maktaba ataeleza jinsi vifaa vya mtandaoni vinavyosaidia kazi ya kila siku, kisha ataweka kidole chake kwenye mtambo awe msomaji wa kwanza kusajiliwa, ndipo mgeni wa heshima abonyeze kitufe chekundu cha kuifungua mitambo rasmi. Nilimwuliza Madam Wacera niseme nini. Akaniambia, "Sema kile umeona. Usiongeze chumvi, na usipunguze."

Nianze na mazuri, kwa maana yapo. Kompyuta ile ya zamani ya pale dirishani imewapatia wanafunzi karatasi za mitihani ambazo shule zao hazina. Imemwonyesha mzee mmoja ugonjwa wa kahawa yake kwa picha, naye akatoka hapa akikimbia kama kijana kuelekea dukani kununua dawa. Mimi mwenyewe nimejifunza kupanga orodha ya vitabu, kuandika barua pepe, na kuzungumza na zile programu zinazojibu maswali. Nilijaribu moja siku ambayo hapakuwa na wasomaji. Nikaiuliza, maktaba ya Wamagana ikoje? Ikanijibu bila kusita kwamba ni jengo la ghorofa mbili lenye bustani ya watoto. Nilitoka nje nikaangalia juu.

Mnacheka, na Madam Wacera pia alicheka. Lakini tangu siku ile najiuliza: kitu kinachosema uongo kwa sauti tulivu namna hiyo, ukweli wangu kitaufanyia nini kikiupata?

Jibu nililipata mapema kuliko nilivyotaka. Kisa ninachotaka kuwaeleza ni cha mama yangu. Yuko pale safu ya nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Nilimwomba ruhusa jana tukikatia ng'ombe majani. Akasema, "Sema tu. Si walishasoma yote? Lakini usinililie mbele ya watu." Basi, Mama, sitalia.

Baba alipofariki, maneno ya shamba yalianza kabla ya maua ya kaburini kukauka. Mama hakutaka kupiga kelele wala kupeleka mtu popote. Alitaka kujua tu: mjane ana haki gani? Akaja hapa, nikamketisha kwenye kompyuta, nikamwonyesha pa kuandika swali, nikaondoka ili nisimchungulie. Sasa, mama yangu amelelewa vizuri. Hawezi kumwomba mtu msaada kabla ya kumsalimu na kujieleza yeye ni nani. Kwa hiyo aliandika hivi: "Hujambo. Mimi ni mjane wa Simeon wa Wamagana. Niko na watoto. Ndugu ya bwana yangu anataka nitoke kwa shamba. Naomba unisaidie, nifanye nini?" Mwishoni akaweka, "Asante sana, Mungu akubariki."

Nani kati yetu hapa angeandika tofauti? Nani angeingia kwa nyumba ya mtu akaanza kuuliza maswali bila hata kubisha hodi?

Siku mbili baadaye, mtu wa ukoo wetu alikuja kutumia kompyuta ile ile. Jina lake sitalitaja, na alichokuja kutafuta pia sitakisema, ingawa nilikiona. Hicho ni chake. Alipogusa pale pa kuandika, mashine ikamteremshia maswali ya waliomtangulia, moja chini ya lingine, kama muuzaji anayetandaza nguo sokoni. Akasoma la mama yangu kwa sauti.

"Ati, 'Hujambo. Mimi ni mjane wa Simeon'! Hee! Kumbe siku hizi tunashtakiwa kwa kompyuta?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Na akaiombea baraka! Hii mashine itaenda mbinguni kabla yetu." Wakacheka wote. Madam Wacera alitoka nyuma ya meza yake akaizima kompyuta ukutani, lakini maneno yalikuwa yameshatoka mlangoni.

Wiki hiyo hiyo njia yetu ya kwenda mtoni ilizibwa kwa seng'enge. Chifu, shauri hilo liko kwako, na sikuja hapa kuomba uamuzi. Ninachotaka kusema ni kwamba mama yangu hajaingia tena katika chumba hiki hadi leo, na swali lake bado halijapata jibu la kuaminika. Na si yeye peke yake. Nawaona wasomaji wanafika, wanasimama nyuma ya kile kiti cha kompyuta, wanatazama kulia na kushoto, kisha wanaulizia gazeti.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, kabla kompyuta haijaja, maktaba hii ilikuwa na desturi moja. Kila kitabu kina kadi yake. Ukiazima, Madam Wacera anaandika jina lako kwenye kadi kwa penseli. Ukirudisha, anachukua kifutio, anafuta jina, anapuliza vumbi la kifutio, na kadi inarudi kitabuni. Nilipoanza kazi nilimwuliza kwa nini asitumie kalamu ya wino kama ofisi nyingine. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini watu hufunga mlango wa choo. "Kitabu imerudi, sivyo?" akasema. "Sasa mimi na yeye tumemalizana. Yale alisoma ni yake."

Kuna wakati bwana mmoja alikuja akaegemea ile meza akamwuliza, "Madam, bibi yangu husoma nini hapa?"

Madam Wacera akamjibu, "Mwulize mkikunywa chai."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi sikunywi chai na nyinyi."

Bwana yule alikwenda zake. Hata angepindua kadi zote za maktaba asingepata kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupata.

Sasa tumeletewa mitambo hii. Ni mizuri, inang'aa, na tumeambiwa ni ya bure. Nisameheni wageni wetu, lakini neno hilo ndilo lililoniamsha. Mbona kampuni inayotupa kila kitu bure inataka nambari ya kitambulisho changu, nambari ya simu, kidole gumba, na tarehe ya kuzaliwa ya nyanya yangu? Nyanya yangu mwenyewe haijui.

Juzi, fundi wao, ndugu Muthomi, alipokuwa akipitisha nyaya, nilikusanya ujasiri nikamwuliza. Yupo hapa, anisahihishe nikikosea.

Nilisema, "Mtu akimaliza kusoma, jina lake linafutwa?"

Akasema, "Hapana, siz. Hii kitu haipotezi chochote. Kila kitabu, kila swali, inakaa na jina yako milele. Hiyo ndio uzuri yake."

"Na nani ataona?"

"Ni wale wako na ruhusa tu."

"Nani anawapa ruhusa?"

Akaanza kuangalia simu yake. "Wewe unauliza kama polisi," akasema. "Si ungoje ufunguzi kwanza?"

Ufunguzi ndio huu. Nimengoja.

Sisemi ndugu Muthomi ni mtu mbaya. Alinisaidia hata kubeba rafu. Sisemi turudi kwenye penseli na tuache dunia iende bila sisi. Nauliza tu yale ambayo mtoto yeyote angeuliza akiona mtu asiyemjua anaandika jina lake ukutani. Kesho msichana wa shule akitaka kujua kwa nini mwili wake unamuuma, jina lake litakaa kwa nani? Mzee akitaka kujua kama ugonjwa wake unatibika, watoto wake watajua kabla yake? Mjane mwingine akija hapa, akasalimu, akajieleza kama alivyofundishwa na mama yake, salamu hiyo itamfikia nani? Kompyuta ya dirishani ilikumbuka kwa bahati mbaya tu, na mnajua ilichotufanyia. Hii mpya imetengenezwa ili ikumbuke.

Kitambulisho changu kimetoka mwezi uliopita. Bado kina harufu ya upya. Ratiba inasema nikitoe sasa, niweke na kidole, mpige makofi na picha zipigwe. Mheshimiwa, kwa heshima yote, leo sitaweka.

Lakini sitaki mrudi nyumbani mkisema msichana wa Simeon aliharibu sherehe ya watu. Nina ombi, nalo si kubwa. Ndugu Muthomi awe msomaji wa kwanza. Aweke kidole chake, aandike jina lake kamili, kisha aulize kwenye ile skrini kubwa swali ambalo hangependa mama yake alione. Halafu alifute. Alifute hapa, mbele yetu sote, na atuonyeshe kwamba limefutika kwake, limefutika kwa kampuni, limefutika kwa wale wenye ruhusa. Akiweza, mimi nitakuwa wa pili kwenye foleni, na nitamshika mama yangu mkono awe wa tatu. Asipoweza, basi Mheshimiwa, naomba kidole chako kikae mbali na kile kitufe chekundu hadi siku atakayoweza.

Hiki ni kifutio cha Madam Wacera. Kilikuwa cheupe, sasa ni cheusi na kimebaki kama punje ya hindi. Weusi huu ni majina yenu. Amenikubalia nikiweke hapa, kando ya kitufe.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Naenda kukaa pale nyuma karibu na Mama. Ndugu Muthomi, karibu mbele.