Kocha Hruska na Ndoo Yake ya Mipira

Tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Kocha Verlin Hruska wa futiboli ya Kimarekani anakabidhi funguo za uwanja wa shule yetu hapa Nebraska. Mimi, msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa, nakiri kwamba tumegombana kwa jambo moja tu, tena kila Agosti.

Jambo lenyewe ni kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulizi na kuamua uende wapi. Hruska hakujali nani ana kipaji. Siku ya uteuzi aliloweka mipira kwenye ndoo, akawapa wote, akaangalia nani anadondosha; asiyedondosha ndiye aliyepangwa. Kwa kinyozi waliniuliza kama tunatafuta kwotabeki au dobi. Mwenyewe alisema, "Mwenye kipaji ataniua kwa presha. Huyu asiyedondosha ataniacha nile chakula changu."

Msimu huu alimpanga Grady Vopat wa mwaka wa nne, mrushaji wa kawaida kabisa. Tavian Oyler, mwenye mkono kama manati, akawekwa benchi. Wazazi wakaja juu. Bodi ya shule ikaamua kusubiri mechi ya mwisho: Kocha akifungwa, anaondoka kimyakimya, hakuna sherehe wala ubao wenye jina lake uwanjani.

Robo ya tatu ya mechi hiyo, Grady akateguka kifundo cha mguu. Ikabidi Tavian aingie. Dakika moja ya mwisho tunaongoza kwa pointi mbili, mpira wetu. Ilitosha apokee na kupiga goti mara tatu, mpira mkononi, muda uishe. Lakini kule pembeni mwenzake yuko peke yake, anapunga mikono, na jukwaa zima linapiga kelele, "Rusha! Rusha, bwana!" Akirusha, wapinzani wakaudaka, tumekwisha. Hruska akafumba macho. Mimi, niliyempigania Tavian miezi mitatu, nikajikuta namwomba Mungu asirushe.

Akapiga goti. Akapiga la pili. Akapiga la tatu.

Jamani, tulipumua! Tavian akaja na mpira mkononi. "Kocha, miezi yote hii nimekaa namwangalia Grady. Ulidhani nimelala?" Hruska alilia mbele ya watu wote, na sisi tukalia naye.

Ubao unatundikwa Jumamosi hii. Kuanzia Agosti timu ni yangu, na mji mzima unaniuliza nitampanga nani.

Asante, Kocha, kwa yote. Tunakuombea afya njema na Ijumaa zisizo na mechi wala presha. Kula taratibu, bwana. Ndoo ninayo mimi.