Jani la Sale Alilolibeba Penina

Wazee wa ukoo, mwalimu wa kanisa, majirani wa mfereji wetu, shikamooni, na mliotoka mbali poleni kwa safari. Anayewasomea ni Elisaria, shemeji wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Penina, aliyeitwa Nalepo kabla ya ubatizo, alizaliwa upande wa juu wa Mto Usa, siku ambayo hakuna aliyeiandika, nasi tunakadiria ni mwaka 1885. Mwaka 1903 aliingia shule ya misheni, akajua kusoma upesi kuliko wanaume, jambo lililotuudhi kidogo, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 11 Juni 1905. Kazi yake ilikuwa migomba, ng'ombe wawili wa zizini, na kuwafundisha wanawake kusoma kila Jumamosi. Tarehe 20 Februari 1907 alifunga ndoa na kaka yangu Anaeli, lakini hawakujaliwa watoto.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wifi yake Nosim, dada yetu, kila walipokutana mferejini kwenye zamu za maji, alimwita mgumba mbele ya watu, akisema tumbo lake limefungwa na dini ya Wadachi wa misheni. Penina hakujibu, nasi tukamsifu kwa upole wake, kumbe mwenyewe hana raha, maana alimwungamia mwalimu wetu wa kanisa, Thomasi, kwamba kinywa kimenyamaza lakini moyoni anamtukana Nosim kutwa nzima, tena kwa matusi makali zaidi, na kila akisali anamkumbuka Bwana aliyewaombea waliomdhihaki msalabani, sala inamkwama.

Mwezi Agosti 1911 akakata jani la sale, akampelekea Nosim nyumbani kwake, akaomba amani. Jamani, hapo alikosea, kwa maana sote twajua sale hupelekwa na mkosaji, na anayelipeleka amekiri. Basi sisi wazee tukakaa, tukasema kumbe mchokozi ni yeye, wala hatukumwuliza neno, tukamnyima zamu yake ya maji mpaka masika. Anaeli alimsihi aje ajitetee, naye akamwambia kwamba alitafuta amani, hakutafuta kushinda kesi. Kiangazi kile migomba yake ilinyauka, akawa anateka maji mtoni kwa kibuyu, na kila alipompita Nosim alimsalimu kama kawaida, na sasa, alisema, kwa moyo mweupe.

Nosim alizivumilia salamu hizo hadi Januari 1912, akashindwa, akaja na jani lake mbele yetu, akaeleza kwamba mwenye kutukana alikuwa yeye, zamu ikarudishwa.

Tarehe 9 Machi 1914 Penina alishikwa na kichomi, Nosim akahamia kwake, akamnywesha uji na kumgeuza kitandani, mpaka Alhamisi tarehe 2 Aprili, alfajiri, Bwana alipomchukua. Tunamshukuru mganga wa misheni, majirani mliochimba kaburi, na wanafunzi wake wa Jumamosi.

Marehemu aliacha neno kwamba habari ya matusi isisomwe leo, asije mtu akamtazama Nosim vibaya. Nosim ndiye aliyekataa, akataka jina lake litajwe kaburini kwa sauti, na sisi wazee tuliohukumu bila kuuliza tumeona aibu kujificha nyuma ya mwanamke, kwa hiyo tutajeni nasi, na wa kwanza awe Elisaria.

Penina, utusamehe, upumzike kwa Bwana wako.