Maharage ya Mama Mwanasiti na miaka ishirini na minne ya Papa Tajudini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minne katika karakana yetu ya vipimo vya maji hapa Rohero, Papa Tajudini anastaafu. Alianza kwa kufufua redio zilizokufa. Anaondoka akiwa mtu pekee kati yetu anayeijua kompaila yetu mstari kwa mstari, ile programu inayogeuza tunayoyaandika kuwa amri ambazo mashine inazifuata. Bila hiyo, vipimo vyetu vya ziwa ni masanduku tu.

Mwaka jana bodi za zamani, zile sakiti zilizo ndani ya vipimo, ziliacha kutengenezwa, tukanunua za aina mpya. Papa Tajudini alipewa miezi miwili aihamishie kompaila huko kabla ya mvua za Aprili, kwa sababu familia za Kajaga, kando ya ziwa, hutegemea kipimo chetu kujua wakati wa kuhama. Alimaliza mapema, akavaa koti lake zuri, tukaenda kukifunga kipimo ziwani. Kesho yake asubuhi Abdu, mvuvi anayekilinda, alipiga simu: "Papa Taju, mashine yako inasema ziwa imekauka! Na mi niko mu maji mpaka magoti!"

Tulicheka sana, yeye akituzidi. Kisha akaenda nyumbani, akachota maharage jikoni kwa mke wake, Mama Mwanasiti, akayapanga mezani kwetu, kila punje baiti moja, yaani nafasi moja ya kumbukumbu ya mashine. Namba ya kimo cha maji huchukua baiti nane. Bodi ya zamani iliridhika namba hiyo ikianzia nafasi ya nne. Bodi mpya inataka ianzie ya nane, na nafasi nne za kabla yake zikae tupu. Hizo alizionyesha kwa punje nne za mahindi. Programu iliyokuja na bodi iliziacha tupu, kompaila ya Papa haikuziacha, ikasoma kuanzia ile ya nne. Tulikuwa tunasoma utupu, tukauita ziwa.

Alisahihisha, halafu akajaribu kila aina ya data, ndogo na kubwa, juu ya bodi yenyewe: maharage kwanza, kompyuta baadaye. Ndivyo tunavyofanya sote sasa. Aprili maji yalipopanda, kipimo kilitoa habari siku mbili kabla, na watu wa Kajaga wakahama na magodoro makavu.

Mimi nimeolewa wiki tatu tu zilizopita, kwa hiyo mnisamehe: kinachonipendeza zaidi kwake ni simu ya saa sita mchana. Kila siku, kazi iwe imefika wapi, humpigia Mama Mwanasiti, na sauti yake inalainika kama ya bwana harusi. Mume wangu Maxime nimeshamwambia, hivyo hivyo!

Papa, asante kwa subira na kwa kicheko. Tunawatakia nyinyi wawili siku ndefu zenye furaha. Mama Mwanasiti, tunakurudishia mume wako pamoja na maharage yako. Zile punje nne za mahindi tunabaki nazo. Tumeshazigandisha mezani kwa gundi.