Mama Kesho na Rafu ya Vitabu vya Kusikiliza

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkutubi wetu atafunga dirisha la chumba cha kusomea kwa mara ya mwisho. Dirisha hilo halifungiki bila kupigwa kiwiko, na hakuna mwingine aliyewahi kulipatia. Sisi tunaobaki tumeshaanza kuomba mvua zichelewe.

Wasomaji wanamwita Mama Kesho. Msomaji akiulizia kitabu ambacho hatuna, na tusivyo navyo ni vingi, Mama hamwambii kuwa hakipo. Humwambia, "Njoo kesho." Jioni huanza kubisha hodi kwa walimu, kwa daktari wa meno, kwa yeyote anayesifika kuwa na kabati la vitabu nyumbani, akaazima ili naye aazimishe. Mara nyingi hiyo kesho ilifika kweli. Mara nyingine ilichukua mwaka mzima, lakini ilifika.

Maktaba yetu ni vyumba viwili na kibaraza. Vitabu huchaguliwa na makao makuu, watu wema ambao hawajawahi kukanyaga hapa. Tukiomba riwaya, tunaletewa miongozo ya ufugaji wa nyuki. Tukiomba hadithi za watoto, nyuki wanarudi, safari hii toleo jipya. Ipo hadithi moja ya upelelezi ambayo tuna juzuu ya kwanza na ya tatu tu. Wasomaji wetu wote wanajua nani aliuawa na nani alifungwa, ila hakuna ajuaye kwa nini. Mama alilalamika kwa upole mno, hata makao makuu wakadhani anawapongeza, wakamshukuru.

Lakini iliyomkosesha raha hasa ni rafu ya vitabu vya kusikiliza. Ilikuwa na mafunzo ya lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote hapa mtaani, nasaha za kupunguza unene, na riwaya moja tu ya Kiswahili.

Mtaa wa nyuma anakaa fundi cherehani, msomaji wetu tangu ujana wake. Kisukari kilipomnyima macho, mkewe alikuwa akimsomea kila alasiri. Mke alipofariki, fundi alikuja peke yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta, akaomba kitabu cha kusikiliza. Alipewa ile riwaya moja. Aliirudisha, akaiazima tena, na tena. Hatimaye akaiweka mezani.

"Dada, hii sasa naijua kuliko aliyeitunga. Hamna nyingine?"

Mama alifungua kinywa aseme neno lake la siku zote, likakataa kutoka. "Hatuna, kaka," akasema. Fundi alishukuru, akaenda zake, na hatukumwona tena kwa miezi. Majirani walisema anashinda ndani, mlango umefungwa. Wakati huohuo makao makuu wakatuagiza tuiondoe rafu ile, kwa kuwa haiazimwi.

Mama hakuiondoa. Alikwenda kwa fundi, akamuuliza anataka kitabu gani.

"Kile alichokuwa akinisomea mke wangu," fundi akajibu. "Tuliishia pale yule msichana anapopanda garimoshi kwenda kumtafuta baba yake. Hata sijui kama alifika."

Kitabu hicho tulikuwa nacho. Mtunzi wake, mzee wa mji wa jirani, aliombwa idhini kwa simu; akakubali kwa sharti apelekewe nakala, maana macho yake nayo yamechoka. Mama akajifungia stoo na simu ya bintiye, mablanketi yametundikwa mlangoni kuzuia kelele za mchomea vyuma wa jirani, akaanza kusoma huku simu ikirekodi. Sura ya kwanza aliyompelekea fundi ilirudi na maoni.

"Dada, unanisomea kama hakimu anayesoma hukumu. Huyu msichana ana haraka. Nawe harakisha."

Akarudia yote. Kwa wiki kadhaa tulimwona akitoka stoo na jasho usoni na vumbi la makaratasi kichwani, sauti imekauka. Siku fundi alipomaliza kusikiliza, alikuja maktaba asubuhi, akasimama mbele ya meza.

"Alifika," akasema.

"Alifika, kaka," Mama akajibu. Nasi tukajifanya tunapanga magazeti. Kisha fundi akauliza kinachofuata ni kipi.

Kuanzia hapo stoo haikulala. Muuguzi wa zahanati alisoma hadithi za watoto. Muuza nyama, mwenye sauti nzito ya kutikisa vikombe, alipewa riwaya ya mapenzi, na sasa inaazimwa na kina mama wenye macho mazima kabisa. Makao makuu, badala ya kuulizia rafu imeondolewa lini, waliomba nakala kwa ajili ya matawi mengine. Mama aliwapa, na kwa adabu zake zote akawakumbusha juzuu ya pili. Bado tunaisubiri.

Tusimvike umalaika. Mnong'ono wake wa kuwanyamazisha watu una kelele kuliko watu wenyewe. Vitabu vipya huvificha chini ya meza kwa ajili ya awapendao, na chai yake haina mshirika. Lakini katika miaka yote hiyo hatukumsikia akisema kwamba maktaba ndogo ni kisingizio cha kumrudisha mtu mikono mitupu.

Sasa anakwenda nyumbani kwa mumewe, ambaye amekula vyakula vingi vilivyopoa kwa sababu ya sura zilizobaki kidogo kwisha. Tunamshukuru baba huyo kwa uvumilivu wake.

Nawe Mama, ahsante. Fundi ametuagiza tukufikishie salamu: amehifadhi kichwani hadithi tano, na alasiri yoyote utakayopita kwake, kiti kipo. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Umewasomea wengi, kaa sasa, usomewe.