Beberu Niliyempelekea Mkwe

Ndugu zangu wa hapa Kanyangi, Bwana asifiwe. Nimeomba tukae wanaume peke yetu kwa sababu jambo lenyewe ni la chumbani, na nitalitaja waziwazi.

Mwaka ule mvua ilipokosa, mimi nilishindwa kuwa mume. Mwili ulikataa kusimama. Nilikuwa bado nachimba matuta shambani kutwa nzima, nguvu zingine zote nilikuwa nazo. Kwa aibu nikahamia kibanda cha kulinda mahindi. Tukavuna hicho kidogo, nikabaki huko huko. Asubuhi moja mke wangu, Mama Mwende, akaniletea uji akaniuliza, "Mahindi yako ghalani. Wewe unalinda mabua?"

Nikapokea uji, nikarudi ndani ya kibanda. Akaamini nina mwanamke huko Kalamba. Akasema mwezi ukiisha kama sijarudi nyumbani, yeye anarudi kwa baba yake, kule Mutomo.

Sasa sikieni ujinga wangu. Sisi Wakamba tukioa tunapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kumfanya msichana awe mke wako kabisa. Beberu niliyempeleka mimi nilikuwa nimemhasi kwa mikono yangu. Nilijua beberu wa ntheo hatakiwi kuhasiwa, nikanyamaza. Basi nikasema moyoni, baba mkwe amegundua, amenilaani niwe kama yule beberu. Na huku kila Jumapili naimba kwaya!

Nikatafuta beberu mzima, nikatembea naye siku mbili mpaka Mutomo. Nikakiri mbele ya mzee, nikamwambia yote, jasho likinitoka. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Yule wa kwanza tulimla siku hiyo hiyo. Alikuwa mnono. Nani alikuambia mimi nalaani watu?"

Halafu akasema neno ambalo mkwe hamwambii mkwe. "Huo ugonjwa hata mimi ninao. Ni sukari iliniletea. Kesho ni kliniki, twende."

Ndugu zangu, nilikaa benchi moja na baba mkwe, nikitamani ardhi inimeze. Daktari wa misheni akapima mkojo, akapata sukari. Akaniambia wanaume wenye shida hiyo kwake ni wengi sana, hata vijana, na kila mmoja huingia akidhani yuko peke yake. Akanipa tembe, akanikataza pombe na chai tamu.

Nikarudi, nikamwambia Mama Mwende ukweli. Alikuwa ameshafunga nguo zake. Akakaa juu ya huo mzigo, akalia. "Kumbe ni ugonjwa tu? Si ungeniambia." Siku hiyo nilihama kibandani. Nguvu zimerudi polepole, si zote, siwadanganyi. Lakini Mungu alinifungua aibu kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa inanivunjia nyumba. Namshukuru.

Jumanne nakwenda kliniki. Basi linapita hapa sokoni alfajiri. Ndugu, mtegemee Mungu, panda. Sitakuuliza unakwenda kutibiwa nini. Baba mkwe wangu atakuwa benchini, na yeye amezoea kusogea.